Ukisafiri kikazi na unafanya mazoezi ya kuteleza kwa mitindo kwenye barafu, tafuta saa kabla ya kutafuta uwanja

#1 – Mleta mada

Ndugu wanajamvi, salaam.

Kila anapojitokeza mtu kuuliza afanye mazoezi wapi akiwa safarini kikazi, majibu anayopata huwa ni orodha ya viwanja: mji huu una uwanja wa barafu, ule hauna, mwingine unao ndani ya jengo la maduka. Orodha hizo zina nia njema, lakini hazimfai sana mtu wa kuteleza kwa mitindo. Mchezaji wa miruko na mizunguko hatafuti barafu tupu. Anatafuta saa ambayo barafu hiyo imetengwa kwa ajili ya watu wanaofanya kile anachokifanya yeye. Uwanja unaweza kuwa jirani kabisa na hoteli, ukawa wazi tangu alfajiri hadi usiku, na katika juma zima usiwe na saa hata moja inayokufaa, kwa sababu siku imegawanywa baina ya timu za hoki, madarasa ya watoto, klabu zenye mikataba ya msimu mzima na watu waliokuja kujifurahisha. Hoja yangu ni kwamba ratiba ndiyo uwanja wenyewe, na upekuzi uanzie hapo, ikiwezekana kabla hujathibitisha tiketi na hoteli uliyopangiwa.

Namna saa hizo zinavyogawanywa hutofautiana baina ya nchi na nchi, na hapo ndipo wasafiri wengi hupotea njia. Marekani viwanja vingi huuza vipindi vya mazoezi huru kwa mtu mmoja mmoja. Katika ratiba huandikwa “freestyle”, na mgeni akishalipa na kutia saini fomu ya kukubali kubeba hatari mwenyewe, kwa kawaida huingia bila maswali mengi. Vipindi hivyo aghalabu hupangwa kwa viwango, hivyo soma vizuri kabla ya kulipa, kwani anayejifunza Axel (mruko unaoanza ukitazama mbele) ya kwanza akijitosa katika kipindi cha wenye miruko ya mizunguko mitatu atatumia saa nzima kukwepa watu. Uingereza kipindi cha namna hiyo bado huitwa “patch” katika baadhi ya viwanja, jina lililobaki kutoka enzi ambapo kila mchezaji alipewa kipande chake cha barafu ili achore maumbo ya lazima, sehemu ya mchezo iliyoondolewa katika mashindano ya dunia baada ya 1990. Anayepekua ratiba ya huko kwa neno alilozoea Marekani anaweza kudhani hakuna kitu, kumbe kipo mbele ya macho yake.

Kanada, Ujerumani na Ufaransa sehemu kubwa ya barafu ya mazoezi iko mikononi mwa klabu, ambazo hupewa au hukodi saa zake kwa msimu. Japani, ambako wachezaji ni wengi kuliko barafu iliyopo, makocha na klabu hukodi uwanja mzima alfajiri sana au usiku baada ya watu wote kuondoka. Katika nchi za namna hii tovuti ya uwanja itakuonyesha vipindi vya watu wote tu, na usipoitafuta klabu utarudi nyumbani ukiamini kwamba mji ule hauna nafasi. Njia ninayoiona kuwa fupi zaidi ni kuanzia kwenye tovuti ya shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISU, lililoundwa 1892, ambalo huorodhesha vyama vya kitaifa. Kutoka chama cha taifa unafika kwenye klabu, na kutoka klabu unafika kwa mtu anayejibu barua pepe.

Barua hiyo ya kwanza iwe fupi na iwe na mambo ambayo mpokeaji anayahitaji ili aamue: tarehe zako, saa unazoweza kufika, kiwango chako kwa kutaja mruko na mzunguko wa juu kabisa unaoufanya kwa uhakika, chama cha taifa ulichosajiliwa, na kama bima yako inafanya kazi nje ya nchi. Suala la bima si la kupuuza, kwani klabu nyingi hazimzuii mgeni kwa ubaya bali kwa sababu bima yao inawalinda wanachama waliosajiliwa peke yao. Ukijibiwa kwamba kipindi kimefungwa kwa wageni, uliza kama kuna kocha wa hapo anayeweza kukupa somo moja. Mara nyingi mwanafunzi wa kocha wa uwanja huruhusiwa mahali ambapo mgeni wa kawaida haruhusiwi, na zaidi ya hapo unapata jicho jipya la kutazama makosa ambayo kocha wako ameyazoea. Usiende na kocha wako mwenyewe bila kuomba kibali, kwa sababu viwanja vingi huwaruhusu kufundisha makocha wao tu.

Viatu visipakiwe chini ya ndege. Kiatu cha mchezo huu kimeshachukua umbo la mguu wako, na mzigo ukichelewa hakuna kiatu cha kukodi kitakachokusaidia, maana vile vya kukodi ni laini kwenye kifundo na vyuma vyake aghalabu ni butu. Mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, inaruhusu viatu vya kutelezea kwenye barafu katika begi la mkononi. Kwingineko uliza shirika la ndege mapema, ukikumbuka kwamba neno la mwisho ni la afisa aliyesimama kwenye mashine ya ukaguzi.

Nikae kidogo kwenye kunoa, kwa kuwa hapa ndipo safari inapoweza kuharibu mazoezi ya miezi. Noa siku kadhaa kabla ya kuondoka, uteleze juu ya makali hayo mapya ukiwa kwenu, ndipo usafiri. Chuma cha kiatu chetu si bapa. Kina tao kutoka mbele hadi nyuma ambalo kwa kawaida ni sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha futi 7 au 8, na mbele kina meno, ambayo lile la chini kabisa ndilo linalogusa barafu unapozunguka na unaporuka. Fundi aliyezoea viatu vya hoki, ambavyo havina meno, anaweza kulipitisha jiwe moja kwa moja hadi mwisho na kulikata jino hilo kidogo. Kwa macho hutaona kitu. Utakachoona ni kwamba mahali pa kusimama kwenye mzunguko pamehama, unayumba kuelekea mbele, na hakuna kunoa kokote kutakakorudisha kilichokatwa. Kama ni lazima unoe ugenini, mwulize kocha wa klabu wao hunoa kwa nani, na mwambie fundi kina cha mfereji ulio katikati ya makali mawili unachotumia. Asipoelewa unachomwambia, chukua viatu vyako uondoke.

Karibuni tuendelee.

#2 – Mchangiaji

Ahsante kwa uzi, mkuu. Ningependa kuuliza jambo moja. Wengi wetu hatuchagui hoteli wala saa za mikutano, na safari hutangazwa ikiwa imebaki siku chache. Kuandikia klabu na kusubiri majibu ni anasa ambayo hatuna. Katika hali hiyo unashauri nini?

#3 – Mchangiaji

Nikiongezee uzi huu nyama kidogo. Orodha za viwanja zilizotapakaa mtandaoni si tu kwamba hazionyeshi saa, bali nyingi zimepitwa na wakati. Singapore, kwa mfano, ilikuwa na uwanja wa vipimo vya Olimpiki ndani ya jengo la JCube. Jengo hilo lilifungwa Agosti 2023, lakini kurasa za zamani zinazompeleka mgeni pale bado zipo. Mambo huenda pia upande wa pili: London, kituo cha Lee Valley kilijengwa upya na kufunguliwa 2023 kikiwa na viwanja viwili, hivyo anayetegemea maelezo ya kabla ya hapo atakuwa na picha isiyo sahihi kuhusu nafasi iliyopo.

Halafu kuna suala la msimu. Viwanja vingi vya Ulaya huyeyusha barafu majira ya kuchipua na kuirudisha mwishoni mwa kiangazi. Anayesafiri Juni atafute miji yenye vituo vya mafunzo vinavyofanya kazi majira ya joto, kama Oberstdorf kule Ujerumani, ambako viwanja vitatu viko chini ya paa moja na ISU imekuwa ikifanyia mashindano yake ya watu wazima. Na msiende na matumaini ya barafu ya asili. Mfereji wa Rideau mjini Ottawa una njia ya kuteleza ya kilomita 7.8, lakini majira ya baridi ya 2022–23 haukufunguliwa kabisa kwa sababu barafu haikufikia unene unaotakiwa. Hata unapofunguliwa, ni barabara ya kwenda mbele. Uso wake una nyufa na mabaka, na anayejaribu kuruka pale anachezea vifundo vyake.

#4 – Mleta mada

Mkuu wa #2, kwa safari ya ghafla usiandike, piga simu. Piga mapokezi ya uwanja asubuhi na uulize maswali mawili tu: kipindi kipi cha watu wote huwa na watu wachache zaidi, na kama wanaruhusu miruko katika kipindi hicho. Jibu la swali la pili ndilo linaloamua kama utaenda au la, kwa kuwa vipo viwanja vinavyopiga marufuku miruko na hata kuteleza kinyumenyume katika vipindi hivyo. Kwa kawaida kipindi cha mchana katikati ya juma ndicho kinachokuwa kitupu. Shida ni kwamba ndiyo saa ya mikutano yako. Alfajiri basi ndiyo kimbilio: vipindi vya mazoezi huru huanza mapema sana, na aliyesafiri kuelekea magharibi huamka usiku wa manane kwa kuwa mwili wake bado uko kwenye saa za kwao. Badala ya kupigana na usingizi uliokwisha, nenda barafuni. Aliyeelekea mashariki atafute kipindi cha jioni, kwa maana alfajiri ya huko mwili wake unadhani ni usiku, na hiyo si hali ya kujaribu mruko.

Wa #3, shukrani.

#5 – Mchangiaji

Naomba kutofautiana nanyi. Kipindi cha watu wote ni kupoteza muda na ni hatari. Watu wanazunguka upande mmoja, watoto wanaanguka mbele yako bila onyo, muziki ni wa sherehe, na usipoweza kuruka unalipia nini? Mimi nasema safari ya siku chache ifanyike mazoezi ya nchi kavu hotelini: kuruka kamba, miruko ya kuzunguka hewani ukiwa na raba, kusimama mguu mmoja ukiwa umefumba macho, kunyoosha viungo. Ukirudi kwenu mwili utakuwa tayari. Kama kuna uwanja wa barafu ya plastiki, hiyo pia ni afadhali.

#6 – Mleta mada

Ndugu yangu wa #5, kuhusu nchi kavu sina ubishi, na katika mji usio na barafu hiyo ndiyo dawa. Lakini kuna kitu ambacho sakafu ya hoteli haiwezi kukupa, nacho ni makali. Hisia ya kuegemea makali ya nje hadi mwili wote uiname pamoja na kiatu hupungua haraka usipoigusa barafu, na kwa mtu mzima hupungua haraka kuliko nguvu za miguu. Kipindi cha watu wote kinatosha kabisa kwa kazi hiyo, ilimradi ubadilishe lengo. Miruko iache. Fanya mageuzo ya mguu mmoja yale yanayoacha alama ya tarakimu 3 kwenye barafu, uyafanye taratibu, kila mguu, makali ya ndani na ya nje. Kisha mageuzo ya kubadili mguu. Kisha hatua za kupishanisha miguu kuelekea upande ambao umati unaelekea. Katikati ya uwanja mara nyingi hubaki kipande kinachotosha mizunguko ya kusimama. Kasi yako itakuwa ndogo, na hiyo ndiyo faida, kwa sababu mageuzo yenye dosari hujificha ndani ya kasi na hufichuka unapoyafanya polepole.

Barafu ya plastiki nisingeikimbilia. Msuguano wake ni mkubwa kuliko wa barafu, hivyo unalazimika kusukuma kwa nguvu na kuteleza kwa muda mfupi, na vyuma huisha makali upesi. Ukiitumia safarini, ile kunoa ya kabla ya kuondoka umeitupa.

#7 – Mchangiaji

Mimi ni kocha, na wageni wa safari za kikazi hunifikia mara kwa mara. Alichosema mleta mada kuhusu somo moja ni kweli, ila naongeza yale ninayotamani wageni wayajue kabla hawajakanyaga barafu.

Fika mapema, simama nje ya ukuta na utazame dakika chache. Kila uwanja una desturi zake juu ya nani anapisha nani. Karibu kila mahali anayechezewa muziki wake hupewa njia, na viwanja vingine humvalisha mkanda au fulana ya rangi ili wote wamtambue. Anayefuata ni aliye kwenye somo. Tazama hasa kona mbili za Lutz, mruko unaoanza ukiteleza kinyumenyume. Wachezaji wengi huzunguka hewani kinyume cha mwendo wa saa, nao huruka Lutz katika kona zilezile mbili zilizokabiliana kimshazari, wakija kinyumenyume kwa muda mrefu juu ya makali ya nje ya mguu wa kushoto, kichwa kimetazama huko walikotoka. Mtu huyo hakuoni. Mgeni aliyesimama kwenye kona hiyo akifunga kamba za kiatu yuko mahali pabaya kuliko pote uwanjani. Kama wewe unazunguka upande wa pili, waambie wenzako mapema, kwa maana kona zako zitakuwa zile mbili nyingine na hawatakutegemea hapo.

Jambo la pili ni vipimo. Uwanja wa Olimpiki ni mita 60 kwa 30, ule wa Amerika Kaskazini ni takriban mita 61 kwa 26. Mita hizo nne za upana hazionekani kuwa kitu hadi utakapojaribu kupitisha programu yako ya muziki, ukakuta ukuta umefika kabla ya mruko. Punguza hatua za maandalizi, usipunguze kasi. Viwanja vya katikati ya maduka na vya uani huwa vidogo zaidi ya hapo.

Tatu, ugumu wa barafu. Kwa mchezo wetu barafu hupendwa ikiwa laini kidogo, kati ya nyuzi 3 na 4 za Selsiasi chini ya sifuri, ili makali yashike na meno yaingie. Kwa hoki hugandishwa zaidi. Uwanja unaoishi kwa hoki utakuwa mgumu, na makali yako yatateleza pembeni mahali ambapo kwenu hushika. Dakika kumi za kwanza ziwe za kupima barafu. Na ukienda sehemu za juu sana, kama Colorado Springs ambayo iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, programu nzima iache hadi mapafu yazoee, ukafanye vipande vyake.

#8 – Mchangiaji

Kocha na mleta mada, Mungu awabariki. Mimi nina swali dogo la hotelini. Viatu vikitoka barafuni vimelowa, na kesho yake asubuhi nina ndege. Nivikaushe vipi bila kuviharibu, na vikisafiri vikiwa na unyevu kuna tatizo?

#9 – Mleta mada

Tatizo lipo, na ni kutu. Ukitoka tu barafuni, kabla hata ya kuvua soksi, futa vyuma kwa kitambaa kikavu, ukipitisha pia kwenye maungio ya chuma na soli na kwenye misumari yake, kwani maji hujificha huko. Subiri chuma kipate joto la chumba kisha ufute tena, kwa sababu chuma baridi huvuta unyevu wa hewa na kulowa upya hata kama ulikifuta vizuri. Ala za plastiki ngumu ni za kutembelea tu kutoka benchi hadi barafuni. Ukizifunga kwenye chuma usiku kucha umekifungia maji. Kwenye begi vyuma vivalishwe vifuko vya kitambaa kinachofyonza.

Chumbani legeza kamba hadi chini, vuta ulimi mbele, toa soli ya ndani, na uache viatu wazi mahali penye hewa. Usiviweke juu ya kipasha joto wala usivipulizie kikausha nywele, kwa maana ngozi hukakamaa na gundi ya soli huachia. Ukiwa na ndege asubuhi, jaza karatasi za gazeti ndani ya kiatu, uzibadilishe kabla ya kulala, na uzitoe asubuhi unapofungasha. Vikiwa bado na unyevu kidogo, safiri navyo hivyo hivyo kwenye begi la mkononi ukiwa umeacha zipu wazi kidogo, kisha uvitoe mara tu unapofika.